Moto Uliowashwa Kwenye "Amina"

Saa mbili na robo asubuhi, kazi imesimama uani nyuma ya kanisa, na aliyeisimamisha ni mwanamke aliyechuchumaa chini.

Mkono wa kulia ameshika koleo lenye kijiti cha kuchomelea. Kinyago cheusi kimeinuliwa juu ya kilemba. Mbele yake limelala geti la bomba za mraba, bado mifupa mitupu, na mwenye geti amesimama pembeni akitazama saa yake kila baada ya kupumua mara mbili.

"Macho!" mwanamke anaita.

"Nimevaa!" inajibu sauti. "Nimevaa!" "Nimevaa!" Wa mwisho ni mwenye geti, ambaye ameshafundishwa: "Nimegeuka!"

Bado hawashi. Anahesabu vichwa kwa kidevu. Majibu saba, vichwa vinane. Cha nane kiko nje ya uzio, cha mwanamume mwenye baiskeli anayechungulia katikati ya mbao.

"Kaka wa baiskeli, nakusubiri wewe."

"Mimi napita tu, mama. Kwani kuchungulia dhambi? Nataka nimuone mwanamke anayechoma chuma. Si ungechoma viazi?"

"Viazi nimechoma mapema na vimeshaliwa. Zamu hii ni ya geti. Geuka au pita, ndugu yangu, mimi sina haraka."

"Mimi ninayo!" analalamika mwenye geti, na ua mzima unaangua kicheko. Mwenye baiskeli naye anacheka, anageuza mgongo. "Haya, nimegeuka, mwalimu!"

Ndipo kinyago kinaposhuka na mwanga kulipuka.

Hata ukiwa umeupa kisogo utauona. Ukuta wa kanisa, uliokuwa uking'aa kwa jua la asubuhi, ghafla unaonekana kama umefifia, na kivuli cha mtu aliyechuchumaa kinachorwa juu yake, kikubwa kupita mlango. Kwa nukta chache mwanamke mmoja na kijiti chake wanalishinda jua. Kisha giza, harufu ya chuma kilichoungua, na nyundo ndogo ikigonga taka za mshono: ko, ko, ko.

Wenzake wanamwita Mama Cheche. Jina alilipata siku yake ya kwanza ya mafunzo, aliporudi nyumbani na gauni lenye matundu kumi na moja. Ana miaka arobaini na mmoja na watoto watatu. Kitinda mimba wake, msichana wa miaka sita, kila mtu hapa anamwita Kitinda.

Kabla ya chuma alikuwa akifua nguo za watu. Mume wake aliondoka siku moja akiwa amebeba kitanda, na mpaka leo hakuna aliyemuona yeye wala kitanda. Yeye na wanawe wakabaki katika chumba kimoja chenye dirisha moja, wakilalia magunia. Nyumba tatu alizofulia kwa juma zilimpa chakula cha siku nne.

"Siku tatu zilizobaki nilikuwa nawaambia watoto tunafunga na kuomba," anasema, akicheka kidogo. "Mkubwa akaniuliza, mama, mbona Mungu anatutaka tufunge kila Alhamisi mpaka Jumamosi? Nikatoka nje nikalia."

Aliyemleta hapa ni Mama Mchungaji, kiongozi wa kanisa hili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea. Alipofariki aliacha mashine moja, jiriwa mbili za kubania vyuma na uzio wa mbao. Wanaume watatu walikuja kuinunua mashine ile. Mama Mchungaji aliwapa chai akawasindikiza mikono mitupu. Juma lililofuata alisimama kanisani akatangaza kuwa mwanamke yeyote aliyeachwa, aliyefiwa, aliyetoka gerezani au aliyechoka kuuza pombe, aje Jumatatu akiwa amevaa viatu vya kufunika vidole.

"Walikuja wanne," anakumbuka. "Mmoja alikuwa na viatu."

Huu ni mwaka wa saba sasa. Wanawake thelathini na wanne wamepita katika ua huu. Saa ya kwanza wanasoma Biblia na kusali, na wasiojua kusoma wanafundishwa kwa Biblia hiyohiyo. Baada ya hapo ni grainda ya kusaga chuma, msumeno na moto mpaka saa tisa. Mafunzo ni miezi tisa. "Asubuhi Mungu anatunyoosha sisi," Mama Mchungaji hupenda kusema, "mchana na sisi tunanyoosha vyuma."

Mama Cheche alikuwa na mkono wa kazi hii tangu mwanzo. Mshono wake ulilala sawasawa kama mawimbi madogo. Ndani ya mwaka alikuwa akichomelea madirisha ya nyumba nzima peke yake, na kazi ya nyumba moja ilimlisha mwezi. Alinunua kitanda. Akanunua kingine.

Halafu likatokea lile lililotokea, na ndilo lililoileta habari hii gazetini.

Wakati ule hapakuwa na "Macho!" wala kuhesabu vichwa. Palikuwa na sala. Mama Mchungaji, kwa kutaka kazi isianze bila Mungu, aliweka utaratibu kwamba anayewasha moto atasali kwanza kwa sauti: "Bwana, linda mikono yetu, linda macho yetu." Wote huinamisha vichwa. Akisema "Amina," vinyago vinashuka, asiye na kinyago anageuka, na kijiti kinagusa chuma. Amina ndiyo ilikuwa filimbi yao. Kwa miaka mitano haikumdhuru mtu.

Asubuhi moja shule ya awali ilikuwa imefungwa. Mama Cheche akaja na Kitinda, wakati huo ana miaka minne na nusu, akamsimamisha karibu na rundo la nondo, hatua nne kutoka alipochuchumaa.

"Nikamwambia, tukisali na wewe sali. Basi. Sikumwambia lingine."

Mtoto alisali kama alivyofundishwa Shule ya Jumapili. Viganja pamoja, kichwa chini, macho yamefumbwa kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana. Huko alikuwa amefundishwa jambo moja zaidi, ambalo kila mtoto wa kanisani analijua: hufumbui macho mpaka usikie Amina.

Mama yake akasema, "Amina."

Mtoto akafumbua macho.

Wanawake wote walikuwa nyuma ya vinyago au wamegeuka. Mashine inanguruma. Hakuna aliyesikia sauti ndogo ikisema, "Mama, nyota!" Kitinda hakusogea. Alikuwa mtoto msikivu, ameambiwa asimame pale, akasimama. Mama Cheche alimaliza kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Aliponyanyua kinyago alimkuta mwanawe ametabasamu, macho yote mawili yametazama palepale moto ulipokuwa.

"Nikajua," anasema. Anaweka nyundo chini. "Wenzangu wakaniambia mbona anacheka, mbona hajambo. Nami nikajidanganya. Macho yale hayaumi papo hapo, mama yangu. Hapo ndipo yanapokudanganya."

Jioni, saa kumi na mbili, Kitinda alianza kupiga kelele. "Mchanga! Mama, nitoe mchanga!" Kope zilivimba, machozi hayakukatika, na mwanga wa mlangoni tu ulimfanya ajikunje kama aliyepigwa. Majirani wakajaa. Kila mmoja na dawa yake.

"Mtie maziwa."

"Maziwa ya nini? Kata kiazi, mbandike."

"Maji ya chumvi, dada, mwanangu alipona kwa maji ya chumvi!"

Kikombe cha maziwa kilikuwa tayari kimefika mkononi mwa Mama Cheche. Alikuwa amekiinamisha. Mama Mchungaji aliingia mbio, kiatu kimoja mguuni, akakipiga kikombe kikaanguka. "Usimtie kitu! Mbebe, twende!"

Akina mama mnaosoma hapa, shikeni hilo hata kama mengine mtayasahau. Jicho lililoungua kwa moto wa kuchomelea halitiwi maziwa, wala kiazi, wala chumvi, wala dawa ya macho iliyobaki ya jirani. Linapelekwa zahanati.

Muuguzi aliyewapokea alimtazama mtoto kwa tochi ndogo, akaweka matone, akamtazama tena.

"Ngozi ya juu ya jicho imebabuka, kama jua linavyobabua mgongo," alisema. "Akae gizani. Asiyasugue. Mwekee matone kama nilivyokuandikia."

"Ataona, dada?"

"Wengi hupona siku mbili au tatu. Lakini huyu ni mdogo na ametazama sana. Sitaki kukuahidi kitu nisichokijua."

Chumba chenye dirisha moja kikazibwa kwa blanketi. Mama Cheche alikaa mle na mwanawe usiku na mchana, amemshika viganja asijisugue. Watoto wake wakubwa wawili walipokelewa kwa Mama Mchungaji.

Alisali, bila shaka alisali. Lakini sala yake ilikuwa na kilema. "Nilikuwa nasema, Bwana, mrudishie mwanangu macho, nichukue yangu. Nikifika mwisho, mdomo unakataa. Lile neno nililiogopa. Nililitamka na moto ukamuingia mwanangu. Basi sala inabaki wazi, naanza tena. Siku mbili, sala moja, haifungwi."

Siku ya tatu, kulipopambazuka, mwanga mwembamba ulipenya ukingoni mwa blanketi. Mama alikuwa amesinzia akiwa amekaa. Akahisi viganja vidogo vinajivuta kutoka mikononi mwake. Akashtuka, akafikiri mtoto anajisugua.

Kitinda alikuwa ameketi, anamtazama. Macho mekundu kama pilipili, lakini anamtazama.

"Mama," akasema, "umevaa gauni nje ndani."

Ilikuwa kweli. Alilivaa hivyo tangu jioni ile ya zahanati. Siku tatu majirani wameingia na kutoka, muuguzi amemuona, Mama Mchungaji amemuona, na hakuna aliyemwambia. Aliyeona ni yule ambaye hawakujua kama ataona.

"Hapo nikasema Amina," anasimulia Mama Cheche. Hafuti machozi, anayaacha yashuke yenyewe. "Nililitamka kwa kelele mpaka jirani akadhani kuna msiba."

Mtu angedhani baada ya hapo alirudi kwenye kazi yake mbio. Hakurudi. Alirudi kwenye beseni za watu. Majuma matatu alifua, na kila alipopita jirani na karakana yoyote barabarani alivuka upande wa pili akiwa amefunika uso wa mtoto kwa kilemba.

Mama Mchungaji alimfuata chumbani, akakaa sakafuni ingawa kitanda kilikuwepo.

"Nisamehe," alimwambia. "Wewe uliwasha kama nilivyokufundisha. Mimi ndiye niliyeufunga moto kwenye Amina. Nilitaka Mungu awe wa kwanza, nikamfanya kengele."

"Mimi siwezi tena, mama."

"Sawa. Usichome. Njoo unisaidie kuhesabu watu."

Hivyo ndivyo alivyorudi, si kama fundi, bali kama mtu wa kuhesabu. Sala sasa husaliwa mpaka mwisho, macho hufumbuliwa, watu hutazamana usoni, hucheka, husalimiana. Baada ya hapo tu ndipo linaitwa "Macho!" na hakiwaki kitu mpaka majibu yalingane na vichwa, awe fundi, mteja, au mpita njia anayetaka viazi. Mwezi wa pili wa kuhesabu, Mama Cheche mwenyewe aliomba koleo. Mshono wake wa kwanza ukawa, kwa maneno yake, kama kinyesi cha kuku. Wa pili ulinyooka.

Leo yeye ndiye mwalimu wa moto hapa. Wanawake sita wanajifunza kwake. Wanamtania kwamba ni mkali kuliko askari wa gereza, na aliyewahi kufungwa miongoni mwao anathibitisha: "Kule walituhesabu mara mbili kwa siku. Huyu mara arobaini!"

Lakini nje ya uzio huu hakuna anayehesabu. Karakana zimejipanga barabarani, zipo milangoni mwa maduka, zipo njiani kwenda shule. Watoto wakitoka darasani husimama wakatazama cheche kama wanatazama fataki. Jioni wanalia mchanga, na mama mwenye huruma anakimbilia kikombe cha maziwa. Mzazi, ujue mwanao anapita wapi. Mfundishe kugeuka kabla hujamfundisha kukimbia magari.

Mama Cheche amemwambia Kitinda hivyo mpaka mtoto amechoka. Muuguzi alimpima tena miezi miwili iliyopita akamsomesha herufi za ukutani. Alizisoma zote, hata zile ndogo za chini, kisha akasoma na jina la kiwanda lililochapwa pembeni.

Sasa mama ana mpango. Mwisho wa mwaka atafungua karakana yake kwenye kiwanja kidogo alichopangishwa barabarani. Mashine hajanunua bado. Alichonunua ni mabati, marefu kuliko mtu, ya kuzungushia kiwanja chote. "Ukuta kwanza," anasema. "Sitawasha hata kiberiti kabla ya ukuta."

Mlango wa ukuta huo ameshautengeneza na umeegemea hapa uani, umepakwa rangi nyekundu. Una komeo moja, na komeo limewekwa juu mno. Fundi mwenzake akipita humcheka: "Mama Cheche, hili komeo la twiga?"

Kitinda ndiye aliyeulizia jambo lingine. Mchana huo, akiwa amekuja na sare ya shule, alisimama mbele ya mlango mwekundu, akanyoosha mkono juu mpaka akasimama kwa ncha za vidole. Komeo lilikuwa bado mbali.

"Mama, mimi nitachoma lini?"

Mama yake alivua glavu, akaja, akasimama nyuma yake. Kisha akauweka mkono wake mwenyewe kwenye komeo.

"Siku utakayolifikia hili bila kupanda kiti," alisema, "nitakupa kinyago."