Nyuzi za Ijumaa

Nilimwona Bi Mwanakhamis mara ya kwanza mwaka wa 1966, Ijumaa baada ya swala, nikipita mtaa wa Kuze na gazeti kwapani. Alikuwa ameketi ndani ya mlango wake akishona kofia. Mimi ni mtu wa haya, nikataka kupita kimya. Akaniita.

"Baba, wajua kusoma bei za hisa?"

Nilisoma shule ya msingi tu, lakini tarakimu nazijua. Marehemu mumewe alimwachia hisa za kampuni moja ya chai, zinazouzwa Nairobi. Boriti za dari lake zilikuwa zimeoza, na fundi Chirau alimwambia zisipobadilishwa kabla ya masika, nyumba itamwangukia. Hakuwa na kingine cha kuuza. Alitaka kujua kama bei ya hisa hizo ni ya kutegemewa au inarukaruka.

Tajiri wangu, niliyemfanyia kazi soko la Marikiti, alinunua gazeti Ijumaa tu, akishalisoma akanipa. Basi kila Ijumaa nilimsomea Bi Mwanakhamis bei, naye akakata uzi, upana wa kidole kwa kila senti kumi, akautundika msumarini. Baada ya miezi mitatu alizinyoosha nyuzi zote pamoja. Zilipishana kidole kimoja, basi.

"Zimetulia kama maji ya mtungini," alisema.

Wiki ile nilinunua samaki Makadara, nikafungiwa katika gazeti la Jumanne. Bei ya hisa zile ilikuwa karibu shibiri nzima chini ya uzi wa Ijumaa. Nikaanza kuomba magazeti ya siku nyingine mkahawani. Jumatatu chini, Jumatano juu kupita kiasi, Alhamisi chini tena, Ijumaa ikarudi pale pale. Sijui kwa nini. Nilikata nyuzi za siku zote nikampelekea.

Hakuzigusa. Alisema siku za kati watu wana pupa, Ijumaa ndipo wanapotulia wakasema bei ya kweli. Nilimweleza kwamba barua yake ya kuagiza hisa ziuzwe ikitoka hapa Ijumaa itamfikia dalali wa Nairobi Jumanne, naye atauza kwa bei ya siku hiyo. Nikamsihi aandike bei ambayo dalali asiuze chini yake. Akakataa. Kumwekea mtu masharti kabla hajakosa, alisema, ni kumtukana.

Barua ikaenda bila bei, na dalali akauza nusu ya hisa, kama alivyoagizwa, Jumanne, shibiri na zaidi chini ya uzi wa Ijumaa. Pesa zilitosha chumba kimoja. Chirau alibadilisha boriti za chumba cha kulala, akauegemeza ukumbi kwa magongo, akaenda zake. Nilikasirika. Wala sikumkasirikia dalali.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda na magazeti ya wiki nzima. Nilimwambia, kwa sauti niliyodhani sina, kwamba hisa zilizobaki tuzipime kila siku, tujue zinaruka kiasi gani, kisha tuweke bei ya mwisho. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kumwona. Mvua ilianza Jumapili, ukumbi ukaporomoka, na dada yake akamchukua Lamu, alikofia.

Lakini Ijumaa ile alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa. Kisha akachagua gazeti la Ijumaa, akanipa, mengine akayasukuma kando kwa mguu, akatwaa mkasi.

"Wewe soma tu, baba. Kupima niachie mimi."