Funda la Kwanza la Kavumbi

Kavumbi wa Mwambire hakuwa mlevi, na ni vizuri hilo lijulikane mapema, maana watu wa upande wa Gede wana midomo. Alikuwa mgema. Alfajiri alipanda minazi yake kumi na minane, akashuka na tembo, na ikifika saa tatu watu wamekwisha kukaa mangweni, kilabu chake kidogo nyuma ya nyumba. Kila kibuyu kilichotoka mkononi mwake, yeye ndiye aliyepiga funda la kwanza, mnunuzi akimtazama. Ndiyo desturi ya Wagiriama: mwenye tembo asipoonja, mnywaji atajuaje ametiliwa nini? Siku ya watu wachache yalikuwa mafunda ishirini. Siku ya matanga, Mungu ndiye ajuaye.

Mafunda hayo yote yaliingia katika tumbo tupu. Asubuhi Kavumbi alivuta sigara badala ya kunywa uji, mchana akala muhogo kwa pilipili nyingi, jioni akajitupa kitandani bila kula. Tumbo lilipoanza kumchoma, mkewe Nyevu alimchemshia chai ya mchaichai na tangawizi, isiyo na maziwa, na maumivu yakatulia. Hapo ndipo alipojiharibia. Alidhani amepata dawa! Kila siku alikunywa vikombe viwili, vitatu, akasema chai imeosha, na kesho yake akaanza upya. Miaka sita ilikwenda hivyo, naye akakonda mpaka mshipi wake ukatobolewa matundu mapya.

Mwaka wa themanini na nne, mwaka ule wa ukame na mahindi ya njano, akaanza kupata choo cheusi kama lami. Alijikokota mpaka zahanati. Daktari alikuwa kijana wa bara, Dedan Ndirangu, mtu asiyezungusha maneno.

"Mzee, hii tumbo iko na vidonda na inatoa damu. Lazima uende hospitali Malindi."

"Lakini mimi nanywa chai, daktari. Ya mchaichai."

"Chai haina ubaya. Lakini haiwezi kufunga kidonda kama wewe unamwagia pombe kila siku. Ukionja tena, utakufa. Umenisikia?"

Kavumbi alisikia, na akaogopa kwelikweli. Alisema ataenda Malindi Jumatatu.

Kesho yake Kahindi, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi pamoja, alipewa kibuyu, akakirudisha.

"Onja, mwenzangu."

"Sionji tena. Daktari amenikataza."

"Basi mwite daktari aje aonje yeye."

Watu walicheka, Kavumbi naye akacheka. Lakini waliinuka mmoja mmoja, huyu kakumbuka mbuzi wake, yule kakumbuka mgeni. Kahindi peke yake, kwa ajili ya urafiki, akainama kwenye mrija akanywa. Usiku akaharisha mpaka miguu ikamlegea. Labda ni maji ya kisima, yaliyokuwa yamebaki matope matupu mwaka ule. Lakini nani atalaumu kisima akiwa na mtu wa kumlaumu? Kufikia adhuhuri, kijiji kizima kilijua kwa nini Kavumbi ameacha kuonja tembo lake mwenyewe.

Siku ya tatu walijaa mangweni, na hawakuja kunywa. Kahindi alisimama mbele yao, amenyong'onyea, macho yamemwingia ndani.

"Kavumbi, mimi sisemi umenitilia kitu. Nasema kunywa tu, nione, niende zangu na moyo mweupe."

"Nitakuapia, Kahindi."

"Sitaki kiapo. Kunywa."

Nyevu alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. "Baba Sidi, usinywe! Waache waseme. Tutahamia Ganze kwa ndugu zangu."

Kavumbi alimtazama kwa huruma. Jina la mchawi lingefika Ganze kabla yao. Na binti yao Sidi alikuwa ameposwa. Nani angeoa kwa mtu anayeua wenzake kwa kibuyu? Kifo alikiogopa, lakini hilo alilishindwa kabisa. Hakupiga funda moja. Alikinywa kibuyu chote, akakipindua, wakaona tone la mwisho likianguka mchangani.

Kahindi alilia mbele za watu. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha," Kavumbi alisema. Akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe, akajilaza, akaomba chai.

Nyevu aliileta ikiwa moto. Kavumbi alimeza mara moja tu, ikarudi na damu, na damu haikukoma mpaka beseni likajaa. Sidi alitimua mbio barabarani kutafuta gari la kwenda Malindi. Kule mangweni watu hawakujua. Walidhani mzee anapumzika. Walikuwa wamejigawia vibuyu, na kicheko chao kilisikika ukutani.

"Wanafanya nini?" Kavumbi aliuliza, kwa sauti iliyokuwa imekwisha.

"Wanakunywa," Nyevu alijibu. Alitaka kutoka awapige kwa mwiko, lakini mumewe alikuwa amemshika mkono.

"Wote?"

"Wote, baba Sidi."

"Na Kahindi?"

"Na Kahindi."

Kavumbi alifurahi. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, naye Nyevu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alimchukia kwa furaha hiyo. Gari lilipatikana saa kumi alasiri. Mitungi yote mitatu ya tembo kule mangweni ilikuwa mitupu, na Kavumbi amekwisha kufunikwa shuka.