Mashine Iliyoitikia Kila Hodi

Siméon, fundi wa cyber ya mtaa wa Kimemi, hakujua kumnyamazia mtu. Ukimwita akiwa anakula, anaitika na chakula mdomoni. Ukimgusa bega kanisani, anageuka kukuuliza unasemaje. Mama Anne-Marie, mwenye cyber, alizoea kumtania kwamba hata siku ya kufa kwake atasimama kwanza awaitikie wateja.

Mwaka ule maji yalimfika shingoni. Alitaka kumwoa Mélanie, mwalimu wa mji wa Beni, na baba ya Mélanie alikuwa Kinshasa. Mzee huyo, Valère, mtu wa serikali, alikwenda huko mkutanoni kwa juma moja tu, vita vikaikata nchi vipande, miaka ikapita bila yeye kurudi. Mama ya Mélanie alishika neno moja: hatoi mtoto mpaka asikie ndiyo ya mume wake kwa masikio yake. Baba mukubwa Kambere, aliyemsimamia Siméon, alikubaliana naye. Barua pepe? Barua hata mwizi anaandika.

Ilibaki sauti kupitia mtandao, Jumapili baada ya misa, saa ambayo mzee alipata nafasi kwenye cyber ya huko. Na saa hiyo hiyo, cyber ikishajaa, ndipo mashine kubwa ya Siméon, ile iliyozigawia nyingine mtandao, ilipokuwa inaganda. Walishajaribu. Sauti ya mzee ilifika vipande vipande, halafu kimya. Mélanie alirudi Beni nyuma ya pick-up akilia. Na kuwatoa wateja siku ya Jumapili, Mama Anne-Marie hakutaka hata kusikia. Mafuta ya groupe, ile jenereta ya umeme, yangetoka wapi?

Basi Siméon akaifungua programu inayoongoza kadi ya mtandao, ile mafundi wanaita pilote, akaisoma mstari kwa mstari. Alipouona ugonjwa alicheka peke yake, maana ulikuwa wake mwenyewe. Kila kipande cha data kikifika, kadi inapiga hodi, na mashine inaacha kazi yote kukimbilia mlango. Watu wakiwa wengi, hodi hazikatiki, mashine inashinda mlangoni tu, na wageni wenyewe hakuna wa kuwahudumia. Dawa aliiona: hodi ya kwanza ikilia, mashine izime kengele, iende kwenye foleni, ichukue vipande fungu kwa fungu mpaka viishe.

Jumamosi aliufunga mlango wa cyber kwa kufuli. Akawaambia waliokuwa nje, "Mutu asigonge. Nikimaliza nitafungua."

Akaandika, akajaribu. Fungu la kwanza lilipita mbio, akapiga kofi la furaha. Baada ya hapo hakikuja kitu. Mashine ilikuwa hai, foleni imejaa pomoni, lakini mashine imekuwa kiziwi. Akaiwasha upya, ikawa vile vile. Hofu ikamkaa, kwani Jumapili ilikuwa kesho.

Alifungua dirisha apate hewa. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na chini ya bati watu wamebanana. Mélanie alikuwa katikati yao, kitenge kichwani, amelowa chapa.

"Uko hapa toka saa gani?"

"Toka asubuyi."

"Na hukugonga?"

"Ulisema mutu asigonge. Ukasema utafungua. Donc basi, tunangoja ufungue."

Siméon akaitazama kufuli, akaitazama mashine. Kengele aliizima, sawa. Lakini hakuandika popote kwamba foleni ikiisha, kengele iwashwe tena. Akaruka kwenye kibodi kuandika ule mstari uliokosekana.

"Na mulango?" Mélanie akauliza kutoka dirishani.

Jumapili cyber ilifurika. Wafanyabiashara walikuwa wanaandikiana na Kampala na Dubai, na mbele ya spika aliketi baba mukubwa Kambere na koti lake la sikukuu, karibu na Mélanie na mama yake. Shida moja ilibaki. Mkubwa akizungumza, adabu ni kumwitikia "eee" kila anapopumua, na ile mashine haikuweza kusikia na kusema kwa pamoja. Kila "eee" ingemkata mzee. Siméon, asiyeweza kumnyamazia mtu, ilimbidi amnyamazishe mzee wake mwenyewe.

"Baba mukubwa, tafazali. Mumuache amalize yote, kisha muitikie."

Kambere alimtazama kwa jicho kali, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mtu akakohoa ndani ya spika. Mama ya Mélanie akaanza kulia, kikohozi kile alikijua. Mélanie akamsalimu baba yake.

"Mélanie, leo nakusikia muzima. Nani ametengeneza?"

"Ni Siméon, papa. Ni ule anataka kunioa."

Njia ilikuwa ndefu, jibu likachelewa. Wateja waliendelea kuandika, na mashine haikuganda. Siméon alikuwa ameshikilia kona ya meza.

"Basi nakubali," mzee akasema. "Mbuzi mutakula wenyewe, huku hazitafika. Mahari yangu mimi ni hii sauti. Kila Jumapili, siku ya Mungu, nimusikie mutoto wangu hivi, na mama yake. Siméon, utaweza?"

Siméon, mtu wa kuitikia kila hodi, akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akainama, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Ndipo baba mukubwa Kambere akaondoa kiganja mdomoni, akaziachilia "eee" zote alizokuwa amezimeza, moja ndefu mpaka mlangoni, akamjibia.