Shule Isiyo na Ukuta: Kuanzishwa kwa Masista Walimu wa Quiterajo

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani katika misheni ya Palma, kusini mwa mpaka wa Tanzania, nikiwa na nadhiri mpya, viatu vipya, na andalio la somo nililoliandika kwa Kireno safi. Andalio la somo ni ule mpango mwalimu anaouandika kabla ya kipindi: atasema nini, watoto watafanya nini, na atajuaje kama wameelewa. Langu lilikuwa zuri. Nikasema “Bom dia,” nao wakaitikia kwa sauti moja. Nikauliza swali la kwanza, kimya. La pili, kimya. Walikuwa watoto wa wavuvi wa ghuba ya Tungue, na wachache wa wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, watoto ambao nje ya ukuta wa misheni hawakunyamaza hata kidogo.

Mimi ni Mmakonde wa Mueda. Wakati wa vita vya ukombozi wazazi wangu walikimbilia Tanzania, nikajifunza kusoma huko Newala kwa Kiswahili. Nilijua utamu wa kuliona neno la nyumbani limekaa ubaoni. Kwa hiyo niliacha andalio langu mezani, nikawauliza kwa Kiswahili jana walikula samaki gani. Darasa likachangamka kama soko. Nikaandika “changu,” nikalikata vipande viwili, “cha” na “ngu,” kisha tukakata na “kolekole” na “dagaa.” Kengele ilipolia walikuwa bado wanataka samaki mwingine.

Mama Mkuu wa shirika letu alikuwa amesimama barazani akisikiliza. Alikuwa mwanamke wa Ulaya, mrefu, mpole wa sauti, asiyerudia neno. Aliniita ofisini.

“Sista Filomena, wazazi wanawaleta hapa wapate Kireno,” alisema. “Kiswahili wanacho nyumbani.”

“Ndiyo, Mama. Ndiyo maana naanzia nyumbani.”

Hakunigombeza. Alinivumilia miaka michache, kisha akanihamishia Pundanhar.

Kwenda Pundanhar wakati huo kulikuwa adhabu hata kama haikuitwa hivyo. Mvua ikinyesha, barabara inameza gurudumu zima. Lakini huko bara, kati ya mashamba ya mihogo na mahindi, hapakuwa na mtu wa kunisikiliza barazani, na ndipo nilipoitengeneza njia yangu ya kufundisha. Mwaka wa kwanza mtoto alisoma lugha aliyokuja nayo, Kiswahili au Kimakonde. Mwaka wa pili Kireno kilianza kuingia kwa mdomo tu, nyimbo na maagizo. Kukiandika kulikuja baadaye. Direktori, yaani mkurugenzi wa elimu wa wilaya, alipokuja kukagua alitikisa kichwa, akawapima watoto mmoja mmoja, kisha akaondoka bila kusema neno. Nilijua maana yake: sikupewa ruhusa wala sikukatazwa.

Jambo lililonishinda Pundanhar lilikuwa la wasichana. Msichana akishatoka unyago, nafasi yake darasani inabaki tupu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza sababu. Nilitegemea nitaambiwa habari za mila. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga alisimamisha mchi, akaniambia walimu wote ni wanaume, tena wageni, leo wapo na kesho wamehamishwa. Akaniuliza: “Mwanangu mkubwa nimkabidhi nani?”

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba mpaka nimpatie jibu yule mama, nitakuwa nafundisha nusu ya watoto tu.

Baadaye nilitumwa kufungua darasa Quiterajo, pwani, kijiji cha Waislamu tangu mababu. Mtu wa kwanza niliyetakiwa kumwona alikuwa Maalimu Bakari, aliyefundisha watoto Kurani katika chuo chake. Alinikaribisha barazani kwake mbele ya wazee wenzake, nikaletewa chai, na baada ya salamu za kutosha akaniuliza bila kuzunguka.

“Sista, unataka watoto wetu wasome, au unawataka watoto wetu?”

“Nataka wasome, Maalimu. Siku ukisikia nimewafundisha sala yangu darasani, njoo ufunge mlango kwa mkono wako.”

Wazee walitazamana. Maalimu alimwita binti yake Mwanesha kutoka uani, akamwambia aniamkie. “Huyu ndiye wa kwanza,” alisema. “Mlango nitautazama.”

Na aliutazama kweli. Mara nyingi nilimwona akipita nje ya darasa polepole kuliko alivyohitaji. Mwanesha alisoma mpaka mwisho wa madarasa tuliyokuwa nayo, akaenda chuo cha ualimu Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na baraka za baba yake, akarudi Quiterajo akiwa mwalimu, na ushungi wake kichwani. Mwaka uliofuata wasichana waliotoka unyago walirudi darasani. Walikuwa na mtu wa kukabidhiwa.

Hapo ndipo amri ilipofika. Padri, mkuu wa misheni, alikuja kutueleza kwamba shirika limeamua walimu wote wa shule zetu wawe wabatizwa. Mwanesha ama abatizwe ama aondoke. Mwanesha alikuwa amesimama ubaoni, akasikia kila neno. Alimaliza sentensi aliyokuwa anaiandika, akageuka, akawaambia watoto wainakili.

Nilipanda gari kwenda Pemba kumwona Mama Mkuu. Nilimweleza kwamba nilitoa ahadi mbele ya wazee, na kwamba kumfukuza Mwanesha ni kuwafukuza wasichana wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amri ni amri, na kwamba kama siwezi kuitii itabidi mmoja wetu atoke Quiterajo, Mwanesha au mimi. Nilimwomba ruhusa ya kwenda kwa Askofu. Aliinamisha kichwa, akanipa.

Baba Askofu alikuwa mtu wa maswali mafupi. Nilimwambia naomba kuanzisha nyumba ya masista walimu, wakae kijijini, wafundishe pamoja na wanawake wa hapo hapo wa dini yoyote.

“Ukitoka kwenye shirika lako utakula nini?”

“Mihogo, Baba Askofu. Wanavyokula wenzangu.”

“Na mchungaji wa nafsi yako atakuwa nani?”

“Wewe. Na Maalimu Bakari atautazama mlango.”

Alicheka kidogo. Alituruhusu tuwe shirika la kijimbo, yaani shirika lililo chini ya askofu wa mahali, lisilo na makao makuu ng'ambo. Aliniagiza niandike kanuni. Niliandika fupi. Tutakaa nyumba ya kawaida katikati ya watu, bila ukuta. Hatutafundisha dini darasani. Atakayeongoza ataongoza muhula wake, akimaliza atamwachia mwenzake na hatarudi kumkalia kichwani.

Nilipokwenda kumuaga Mama Mkuu, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alinikabidhi boksi la chaki. “Utakuja kuniomba,” alisema. “Afadhali uondoke nalo.” Tukakumbatiana, na sikumwona tena, kwani alirudi kwao akafia huko.

Tulianza watatu: mimi na novisi wawili, yaani wasichana walio kwenye majaribio kabla ya nadhiri, mmoja wao akiwa Sista Rosa ambaye mtamsikia tena. Mwaka wa kwanza tulilala juu ya mikeka na kulima wenyewe. Watu wa kanisa walisema nimeasi, na baadhi ya watu wa kijiji walisema nina ujanja ambao bado haujaonekana. Sikuwajibu. Nilipiga kengele kila asubuhi, na Mwanesha akaendelea kushika chaki. Nyumba ya pili tuliifungua Palma, ya tatu Pundanhar, na yule mama wa mchi nilimpelekea mwalimu mwanamke mpaka mlangoni kwake. Binti yake alikuwa ameshaolewa. Yule mama aliniletea mjukuu wake.

Kisha vita vikaja. Sitavieleza kwa urefu, mnavijua. Wenye silaha, waliojiita wapiganaji wa dini, waliingia Quiterajo asubuhi, wakachoma shule, na Maalimu Bakari, aliyekuwa amewakataza vijana hadharani wasiwafuate, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Mwanesha alinikuta jikoni. Hakulia. Alinivua shela, akanifunga kanga mbili na ushungi, akafanya hivyo hivyo kwa masista wenzangu, akatugawa katika familia tofauti. Mimi alinichukua yeye.

Njiani wenye silaha walitusimamisha. Mmoja wao alininyooshea bunduki akamuuliza Mwanesha mimi ni nani.

“Mama yangu.”

“Mbona hasemi?”

“Baba ameuawa leo,” alisema Mwanesha. “Ungemkuta mama yako ana sauti?”

Yule mtu alitutazama, halafu akatazama pembeni. Tukapita. Machozi yangu hayakuwa ya kuigiza.

Katika kambi ya waliohama, karibu na Pemba, watu wema walitushauri tuhamie Nampula, kusini ambako vita havijafika, tupumzike. Mwanesha alikuwa ameshapata turubai na kipande cha mbao cheusi. Nilimuuliza kama hataki kwanza kumlilia baba yake. Alisema analia akifundisha, watoto hawamwoni kwa sababu amewapa mgongo akiandika. Basi nikashika darasa la pili, na hatukwenda Nampula.

Muhula wangu uliisha tukiwa kambini, masista wakamchagua Sista Rosa. Watu walipoanza kurudi Quiterajo, Mwanesha alikuwa kati ya wa mwanzo, sasa mwalimu mkuu. Nilimwomba Sista Rosa ruhusa ya kumfuata. Alikataa.

“Mama, ukiwa kule hakuna atakayenisikiliza mimi. Na safari hii hutaweza kukimbia.”

Iliniuma, tena sana. Lakini kanuni niliiandika mwenyewe, na kanuni ya kuwafunga wengine tu si kanuni. Nikabaki Pemba, ambako sasa nawafunza novisi masomo ya mfano: mmoja anafundisha, wenzake wanajifanya watoto, kisha tunamkosoa.

Mnaoingia kazi hii mnaniuliza kama naona imelipa. Hilo silijui. Nimewaona wanafunzi wangu wakiwa walimu, wengine nimewazika, na wapo waliobeba silaha. Ninachojua ni kwamba mtoto anayesoma leo hangojei mimi nijue kama imelipa.

Juzi novisi mmoja, mzaliwa wa Tungue, alibaki nyuma wenzake walipotoka. Nyumba ya kwao ilichomwa, nao walikaa msituni muda mrefu. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama atapelekwa Quiterajo.

“Utapelekwa,” nilimwambia.

“Naogopa, Mama.”

“Na Mwanesha anaogopa. Mtakuwa wawili.”

Jumatatu nilimsaidia kufunga godoro lake kwa kamba na kulipandisha garini. Alinikumbatia, akapanda, akakaa akitazama mbele. Nilisimama mpaka gari likakata kona, kisha nikaingia ndani upesi, maana wenzake walikuwa wameshakaa na ubao ulikuwa haujafutwa.