Mama Aliyeshukia Voi

Mlango wa treni ile ulifungwa bila kelele. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla hata ya harufu ya viti vipya na ya chai ya tangawizi iliyopitishwa kwenye kigari. Kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo, gari haliondoki kimya. Kwenye barabara ya Mambasa, mji wa huko huko kwetu, lori likisimama watu wote hushuka: wanawake hufua vitambaa vya watoto, wanaume hutafuta ndizi za kuchoma, na msaidizi wa dereva, tunayemwita konvoyeri, hugonga bodi kwa kiganja na kuita mpaka wote wapande. Nimewahi kuona lori zima likimngoja bibi aliyekuwa anaoga mtoni, abiria wakimtania tu. Hivyo ndivyo mama alivyojua safari. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipotoka Bunia, tukavuka Uganda, tukapanda treni Nairobi ili kumfuata baba, aliyekuwa Mombasa akishughulikia mizigo ya bandarini.

Nilijiandaa kupita kiasi. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawa, na kisipokuwa sawa silali. Nilijifunza Kiswahili cha redioni peke yangu, nikirudia maneno chini ya blanketi, ili Wakenya wasinicheke. Dirishani nilijiapiza kutopitwa na kitu: mashamba, kisha nyika iliyotanda, kisha milima ya buluu iliyokaa mbali kana kwamba treni haisogei. Mdogo wangu Deo, aliyekuwa bado ananyonya, alilala mapajani mwa mama.

Katikati ya nyika tulisimama kwenye kituo kidogo. Deo alikuwa amechafua kitambaa chake, na mama akaona bomba la maji pembeni mwa jukwaa.

"Furaha, kamata mutoto. Niko narudia sasa hivi."

"Mama, na treni ikienda?"

"Itaenda namna gani, na miye siko ndani?"

Nilimwona ameinama bombani. Kisha jukwaa lilianza kwenda nyuma, na mama akaenda nalo. Aliinua kichwa, akakimbia kidogo, kitambaa kikichuruzika maji. Mdomo wake ulisema jina langu, lakini kioo hakikupitisha sauti.

Maneno yote ya redioni yalinitoka. "Mama amebakia! Mugonge, dereva asikie!" Nikagonga kioo kwa kiganja, kama konvoyeri. Kijana mmoja akaangua kicheko: "We mtoto, hii haisimamishwi kwa kugonga!" Mhudumu alikuja, akaongea kwenye redio yake, akaniinamia kwa upole. Mama yangu ameonekana, alisema. Atapandishwa basi, mtakutana Mombasa. Kurudi nyuma haiwezekani. Akaenda zake, maana hakuwa na jingine la kufanya.

Ndipo Deo alipoamka akaanza kulia. "Ndovu! Ndovu!" watu wakapaza sauti, wakasimama wote na simu zao. Kundi zima lilikuwa karibu na reli, jekundu kwa udongo. Nilikuwa nimewangoja ndovu hao tangu Nairobi. Niliwaona juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa akitafuta titi kifuani pangu, akapata kifungo cha shati, akakinyonya, akakiacha, akalia upya.

"Niletee huyo," alisema mama mmoja wa kiti cha pili, mwenye mtoto wake aliyelala. "Mimi maziwa ninayo."

Nikamkumbatia Deo zaidi. Kwetu watu huogopa sumu, na tangu Bunia mama alikuwa ameniwekea sheria moja: usipokee chakula cha mtu usiyemjua.

"Mama amekataza."

"Amekataza maziwa?"

"Amekataza kitu ya mutu."

"Haya, mnyonyeshe wewe basi, tuone."

Abiria wakacheka. Mikono yangu ililegea tu, akamchukua. Deo akanyamaza ghafla, hata nikamsikia anavyomeza. Nilisimama mbele yao bila kupepesa macho.

"Unanitazama kama askari," alisema yule mama.

Alishukia Voi, mtoto wake mgongoni. "Mwambie mamako, huyu ana mama mwingine huku." Mlango ukafungwa.

Baba alitupokea stesheni Mombasa, na mama akafika kwake jioni, blauzi imelowa maziwa kifuani. Hakunisalimu. "Amekula nini?" Nikamweleza, nikangoja kofi. Alikaa chini sakafuni, akamweka Deo kwenye titi.

"Jina lake nani?"

"Sikuuliza."

"Weye, Furaha! Weye wa kuuliza kila kitu!"

"Basi Deo asioe Voi, huko ana dada wa ziwa," baba alisema, akijaribu utani. Mama hakucheka.

Tulirudi Bunia zamani. Deo sasa anacheza mpira na anachana viatu. Siku hizi hata kwetu kila mtu ana simu, na ukiwa na jina unaweza kumtafuta mtu hata Voi ukamshukuru. Sisi jina hatuna. Mama anachambua maharage, mara ananiuliza: alikuwa murefu? Alikuwa na alama usoni? Naweza kumweleza rangi ya ndovu, na hata jinsi kifungo cha shati kilivyolowa. Uso siwezi. Muda wote ule nilikuwa naitazama midomo ya Deo, nione kama anakufa. Aliyekuwa anamlisha sikumtazama.