Siku tuliyorudisha kwenye gari la mzee injini iliyokuwa inakoboa mpunga Mtunda

Wakuu, habari za jioni.

Wale wenye mazoea ya kuandika "chai hiyo", yaani uongo mtupu, kabla hawajafika aya ya tatu, leo nawaomba mvumilie mpaka mwisho. Haya nimeyaishi mwenyewe, na kovu la ekzosti ninalo mkononi hadi leo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Waliokuwepo wanakumbuka, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu ghafla yakajaa redio, sabuni za rangi na mashine za Kichina. Mimi nilikuwa fundi wa malori pale Bungu, kijana, mdomo mkubwa kuliko boksi langu la spana.

Mzee wangu alikuwa na gari. Siyo pikapu. Gari la michezo la Kijerumani, milango miwili, mgongo wa mviringo kama kobe. Injini iko nyuma, huko mbele ni buti. Mzee alikuwa dereva wa mzungu wa kiwanda cha pamba, akaachiwa siku mzungu anarudi kwao.

Sasa mwaka mmoja, mimi bado mdogo, mashine ya kukoboa mpunga kule Mtunda ikafa injini katikati ya mavuno. Akina mama wanatwanga mpaka viganja vinachubuka. Gari la mzee lilikuwa limelala, spea hakuna, petroli ya kuviziana. Basi akaitoa injini yake akawaazima.

Kuazima tu wakuu. Ikakoboa mpunga mpaka mimi nikaota ndevu!

Gari likabaki uani juu ya magogo, likawa banda la kuku. Kila anayepita anamchokoza mzee: "Limetaga mangapi leo?" Mzee anacheka nao. Lakini jioni nilikuwa namwona anafukuza kuku, analifuta vumbi taratibu, halafu anakaa kwenye usukani peke yake. Roho ilikuwa inaniuma sana.

Ndipo akaja tajiri wa vyuma chakavu kutoka Dar. Akaliona, akalitaka, mzee akakubali. Achukue Ijumaa, baada ya swala.

Nikawaka. "Baba, unauza gari lako kwa kilo?"

Akaniambia, "Mwanangu, nimechekwa vya kutosha. Wewe si fundi? Ijumaa lori likija, gari likitoka uani kwa nguvu zake, sitaliuza. Likishindwa, utawasaidia kulipakia."

Nilikuwa na kama wiki hivi.

Nikaenda Mtunda kwa Bi Tausi, mwenye ile mashine ya kukoboa. Huyu mama ni mtani wetu. Wasiojua utani wa kwetu, mtani anaweza kukutukana msibani kwako, na ukampa chai juu. Bahati yangu, mwanawe alikuwa amemletea mashine mpya ya dizeli, ya Kichina.

"Lichukueni kopo lenu," akasema. "Ila abiria wa kwanza ni mimi. Tena nakaa mbele, sitaki kukaa na kuku wa baba yako."

Injini ilikuwa imejaa pumba, wakuu. Hii ni injini ya kupozwa kwa upepo, ina mapezi ya chuma kila mahali, na kila pezi limeziba. Nilichokonoa kwa njiti za makuti mpaka vidole vikafa ganzi.

Gia boksi nayo ilibaki kwenye gari miaka yote, imeingia maji ya mvua. Nikaifungua, nikaiosha kwa dizeli, nikaifunga. Hapo kwenye kuifunga mpakumbuke, tutaparudia.

Kuipachika injini ndiyo ikawa kazi. Ya lori unainyanyua kwa mnyororo unaishusha kutoka juu. Hii inaingia kutokea chini. Lazima gari lipande juu, na jeki yangu ilikuwa ya kubadilishia tairi tu.

Bi Tausi akasema ngoja. Kesho yake akashuka na wajomba zake wachonga mitumbwi kutoka delta, wana boriti za mkoko mabegani. Watu hawa wanautoa mtumbwi msituni, mti mzima ule, hadi majini kwa nyenzo na magogo ya kuviringisha. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia huku wanakandamiza. Gari linapanda vidole viwili, wanachomeka kigingi. Linapanda tena, kigingi. Injini tukaiviringisha chini yake juu ya ubao, halafu wakalishusha gari taratibu kwa wimbo uleule. Boliti zikakaa kwenye matundu yake bila kugombana. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Ijumaa ikafika. Betri ilikuwa dhaifu, starta inakohoa tu. Tukasukuma gari kwenda mbele, gia ya pili, naachia klachi. Wapi! Injini inajikunja, haiwaki. Tukasukuma tena. Hola.

Watu wanatoka msikitini, wanajaa uani. Na lori la tajiri hilo linaingia. Mzee amesimama pembeni na kanzu yake, hata haniangalii. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Tausi akanisukuma. "Tupishe huko! Mimi ndiye niliyekuwa naiamsha kila asubuhi." Akafungua boneti ya nyuma, akazungusha kamba kwenye puli, akaivuta kwa mwili mzima.

Ikawaka! Uwanja mzima vigelegele. Mimi kwa furaha nikaegemea ekzosti, ndiyo hilo kovu.

Nikarukia usukani. Gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Gari likarudi nyuma likabomoa uzio wa jiko.

Nikaweka ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi, kuku haoo, watu haoo. Tajiri akashika kiuno kwa kucheka. "Hili si gari, ni kambakochi wa baharini, linakwenda kinyumenyume! Lipakieni!"

Nikamtazama mzee. Alikuwa anatazama chini. Wakuu, ule uso siwezi kuusahau.

Hapo akili ikanijia. Ile gia boksi niliyoifunga! Mle ndani kuna gurudumu kubwa la meno linalopeleka nguvu kwenye matairi. Nilikuwa nimelipachika upande wa pili, kwa hiyo kila kitu kinazunguka kinyume. Ndiyo maana hata kusukuma kulishindikana, injini ilikuwa inazungushwa kinyume.

Lakini kama gia zote za mbele zinarudi nyuma... je, rivasi?

Nikaingiza rivasi. Bismillah. Gari likaenda MBELE. Taratibu, linalia kama mbu kwenye sikio, likapita katikati ya watu, likapita ubavuni mwa lori, likatoka uani hadi barabarani.

Mzee akanikimbilia na kanzu yake. Nikadhani anakuja kunikumbatia. "Shuka hapo!" akasema. "Hilo gari lina dereva wake."

Akakaa yeye, Bi Tausi mbele kama alivyotaka, mimi nimejikunja kwenye kisiti cha nyuma nasikiliza injini. Tukashika njia ya Kibiti. Njia nzima kwa rivasi! Baiskeli zinatupita. Injini ikianza kunuka joto tunasimama ipumue.

Na nyuma yetu nani? Tajiri! Alikuwa na mzigo mwingine Kibiti, na barabara enzi hizo ni mchanga, njia ni moja. Anapiga honi, lori tupu, anakula vumbi letu. Mzee hakumpisha ng'o. Bi Tausi ndiye aliyekuwa anatoa mkono dirishani na kumpungia.

Tulipoingia Kibiti sokoni watu wakatuzunguka. Mpita njia mmoja wa Bungu akapaza sauti kama kawaida yake, "Mzee, limetaga mangapi leo?"

Mzee akazima injini, akashuka, akanyoosha kanzu.

"Leo limeangua," akasema, akanishika bega mbele ya watu wote.

Baadaye niliifungua gia boksi nikaifunga vizuri. Mzee akaliendesha miaka, na Bi Tausi hadi leo anadai gari ni lake kwa sababu aliliwasha yeye.

Nilichojifunza: kabla hujauza kitu kwa kilo, jaribu gia zote, mpaka ile ya mwisho.

Haya, mliowahi kufunga kitu kinyume na kikawatoa kimasomaso, tupeni yenu. Na wa chai, kikombe kipo, sukari mje nayo.