Sentensi Niliyowagawia Mtaa Mzima

Jamani, mshawahi kukaa ukumbini, mtu akasoma sentensi mliyoitoa nyie, halafu karibu ukumbi mzima ukasimama kwamba ni yao?

Mimi yamenikuta wiki iliyopita. Hadi leo nikipita mtaani natazama viatu vyangu.

Mtaani wananiita Kamusi. Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, na kila mwenye barua ya Kiingereza huniletea niikague. Ukweli ni kwamba Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Ninachofanya ni kuiingiza sentensi mtandaoni. Ikionekana kwingi, iko sawa. Isipoonekana, naifuta. Huo ndio ukamusi wangu wote.

Sasa, karakana ya magauni ya harusi ikatangaza nafasi za mafundi. Wateja wake wako nje, hivyo mwombaji aeleze kwa Kiingereza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini achukuliwe.

Mke wangu ni fundi cherehani. Amechoka kupunguza suruali za watu, anataka kushona magauni. Nafasi hiyo aliiombea hadi usingizini.

Akaniletea sentensi yake: "My hand knows the cloth." Mkono wangu unakijua kitambaa.

Nikaitafuta. Hola, haipo popote.

"Mke wangu, hii Wazungu hawaisemi," nikamwambia, tena kifua mbele. Nikampa niliyoiona kila mahali: "I work well under pressure." Yaani nafanya kazi vizuri hata nikibanwa.

Akaitazama kidogo. "Haya, wewe ndiye unayejua."

Mashoga zake nao wakaja dukani mmoja mmoja. Nikawapa hiyo hiyo. Kama imemfaa mmoja, imkatae mwingine kwa nini?

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikakaa nyuma kabisa ya ukumbi na shati langu la pasi. Mwenye karakana, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akaisoma ile sentensi na kuomba walioiandika wasimame.

Wakasimama karibu wote, wakabaki kutazamana.

"Niliomba maneno yenu," akasema yule mama. "Nani aliwaandikia? Nikimjua, nyie wengine nitawapa kitambaa mshone, niwapime kwa kazi ya mikono. Nisipomjua, rudini nyumbani wote."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Nikawaza kiduka changu, nikawaza jina langu la Kamusi, nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nikiwa nimeinama hivyo, nikasikia sauti ya mke wangu.

"Ni mimi, mama. Wenzangu walinakili kwangu."

Akaambiwa atoke. Akachukua mkoba wake, akanipita bila kunitazama. Mashoga zake wakagawiwa vitambaa.

Njiani nikaanza kuomba msamaha. Akanikatisha kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza zaidi.

"Sikukuuliza kama Wazungu wanaisema. Nilikuuliza kama inaeleweka."

Ilikuwa inaeleweka. Hata mimi na Kiingereza changu cha kuungaunga niliielewa siku ile ile.

Ndugu zangu, mtu akikuletea maneno yake uyakague, muulize kwanza anataka kusema nini. Na kama hujui, sema hujui, aibu yake ni ndogo kuliko hii yangu.

Kesho asubuhi naenda karakana kumwambia yule mama ukweli. Bado natafuta maneno, na haya siyatafuti mtandaoni.